Sikukuu ya Maji Iliyonirudisha kwa Mama Mkwe

Wahenga walisema tembea uone. Mwaka 2024 mimi na watoto wetu wawili tulijaliwa kutembea hadi Thailand, na ninapenda kuwasimulia, akina mama wenzangu, yale tuliyoyaona. Lakini niseme kweli tangu mwanzo: jambo kubwa nililoliona katika nchi ile ya mbali halikuwa hekalu wala mto. Niliona kosa langu mwenyewe, ambalo nilikuwa nimeliacha kijijini kwa mume wangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Mume wangu alikuwa masomoni karibu na mji mkuu, Bangkok. Mwezi wa Aprili tulitoa akiba yetu tukamfuata kwa wiki mbili. Binti yetu alikuwa na miaka 12, na mdogo wake wa kiume miaka 7. Wala hatukujua kwamba tumechagua majira ya joto kali kuliko yote huko, na pia majira ya sikukuu yao kubwa kuliko zote.

Nchi ya watu wenye adabu

Jambo la kwanza lililowashangaza watoto ni salamu. Mthai hasalimu kwa kushikana mikono. Huunganisha viganja vyake mbele ya kifua, kama mtu anayesali, kisha huinamisha kichwa. Mdogo ndiye anayeanza, na kadiri anayesalimiwa anavyostahili heshima, ndivyo mikono inavyoinuliwa juu zaidi. Binti yangu alisema, "Mama, hii ni shikamoo ya mikono!" Sikuwa na jibu bora kuliko hilo.

Jambo la pili lilikuwa tarehe. Kijana wetu alisoma pakiti ya maziwa akapiga kelele kwamba tumepewa maziwa ya mwaka 2567. Baba yake akamweleza kwamba Wathai huhesabu miaka yao tangu kufa kwa Buddha, na kwa hiyo wao wametutangulia kwa miaka 543.

Zamani nchi hiyo iliitwa Siam. Jina la Thailand lilianza mwaka 1939, na ingawa lile la zamani lilirudishwa kwa miaka michache baada ya vita, tangu 1949 jina ni Thailand. Wenyewe hulielewa kuwa ni nchi ya watu huru, na wana sababu ya kujivunia. Majirani zao wote walitawaliwa na Waingereza au Wafaransa, lakini wao hawakutawaliwa. Hata hivyo uhuru huo waliulipia: mwaka 1893 na 1907 waliwaachia Wafaransa ardhi kubwa, na mwaka 1909 wakawaachia Waingereza majimbo manne ya kusini. Utumwa nao ulikuwako. Mfalme Chulalongkorn alianza kuufuta hatua kwa hatua mwaka 1874, mwaka mmoja tu baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, na mwaka 1905 ukakoma kisheria.

Wakristo ni wachache sana huko, kama mtu mmoja katika kila mia. Lakini nilifurahi kujua kazi iliyofanywa na wanawake wenzetu. Mwaka 1851 Mfalme Mongkut aliwaalika wake watatu wa wamisionari kutoka Marekani wawafundishe wanawake wa ndani ya jumba la kifalme. Mwaka 1874 mke mwingine wa mmisionari, Harriet House, alifungua shule ya wasichana mahali paitwapo Wang Lang, kando ya mto Chao Phraya. Shule hiyo ingalipo hadi leo, ingawa imehama na kubadilishwa jina.

Treni iliyojaa watoto wanaorudi kwa mama zao

Rafiki mmoja wa mume wangu, mwanamke tuliyezoea kumwita Dada, alitualika nyumbani kwao Ayutthaya wakati wa Songkran, yaani sikukuu ya mwaka mpya wa zamani, kuanzia tarehe 13 hadi 15 Aprili. Serikali yao ilihamishia mwaka mpya tarehe 1 Januari tangu 1941, lakini wananchi hawakuiacha Songkran. Tarehe 13 ni Siku ya Wazee, na tarehe 14 ni Siku ya Familia. Mwezi Desemba 2023 shirika la UNESCO liliiandika sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mikono.

Tulisafiri Ijumaa, tarehe 12. Ayutthaya iko kilometa kama 80 kaskazini ya Bangkok. Nilifikiri tutakaa vizuri, kumbe! Treni ilijaa hadi milangoni. Watu walibeba maboksi, feni, mifuko ya mchele na watoto waliolala mabegani. Dada akatueleza kwamba wakati wa Songkran Bangkok hubaki karibu tupu, kwa sababu kila mtu anarudi kwao kuwaona wazazi.

"Kama sisi Desemba," alisema mume wangu, halafu akanyamaza.

Nilijua kwa nini amenyamaza. Ninyi mnaoijua Tanzania mnajua jinsi mabasi ya Moshi yanavyojaa kabla ya Krismasi, Wachaga wakirudi nyumbani. Mume wangu ni wa huko. Mimi ni mtu wa Tanga. Mwaka 2020 tulimzika baba mkwe. Baada ya matanga mama mkwe aliomba binti yetu abaki naye walau mwaka mmoja, ili nyumba isiwe na ukimya. Ningeweza kukataa kwa upole, kwa kuwa masomo ya mtoto yalikuwa jambo la kweli. Badala yake nilisimama mbele ya mawifi na majirani nikasema, "Mimi sikuzaa mtoto aje kukata majani ya ng'ombe."

Mama mkwe hakujibu. Aliinuka akaenda jikoni.

Tangu siku hiyo sikurudi. Desemba ikifika nilikuwa na sababu: mara nauli imepanda, mara mtoto ana kikohozi. Krismasi tatu mume wangu alikwenda peke yake. Ya nne alikuwa masomoni, hata yeye hakwenda. Nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa kama kidonda kilichofungwa kitambaa. Hakuna aliyetaka kulifungua.

Mji ulioteketezwa mwezi wa Aprili

Ayutthaya ulikuwa mji mkuu wa Siam kwa miaka zaidi ya 400. Ulianzishwa katikati ya karne ya 14 mahali ambapo mito mitatu inakutana na kuuzunguka mji kama kisiwa. Wafanyabiashara walifika kutoka Uchina, Japani, Uajemi, India na Ulaya. Mwezi Aprili 1767, baada ya kuzingirwa zaidi ya mwaka mmoja, mji ulitekwa na majeshi ya Burma ukachomwa moto. Waliosalia walikwenda kuanza upya kusini, na mwaka 1782 Bangkok ikawa mji mkuu.

Leo magofu yake ya matofali mekundu yanatunzwa, na tangu 1991 yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Tulitembea kati ya safu za sanamu za Buddha zisizo na vichwa. Katika hekalu liitwalo Wat Mahathat kuna kichwa kimoja cha jiwe kilichokumbatiwa na mizizi ya mti wa jamii ya mkuyu. Wageni wanaotaka kupiga picha hapo huombwa wachuchumae, ili vichwa vyao visiwe juu ya kile cha sanamu. Sisi hatukutaka kuwakosea wenyeji, wala hatukutaka kupiga magoti mbele ya sanamu. Tukatazama kwa mbali, picha tukaiacha.

Kusini mwa mji, ng'ambo ya mto, ndipo kilipokuwa kijiji cha Wareno. Walifika Ayutthaya mwaka 1511, na ndio Wareno walewale ambao baadaye walijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Sisi walituachia maneno kama meza na leso. Wathai waliwaachia upishi. Jioni ile Dada alitupa vitamu vya rangi ya dhahabu, vyembamba kama nyuzi, vilivyotengenezwa kwa kiini cha yai na sukari. Huitwa foi thong, yaani nyuzi za dhahabu, na harusini havikosekani.

Inasimuliwa kwamba aliyewafundisha Wathai vitamu hivyo ni mwanamke Mkristo, Maria Guyomar de Pinha, mzaliwa wa Ayutthaya mwenye damu ya Kijapani na Kireno. Mume wake, Mgiriki aliyeitwa Constantine Phaulkon, alikuwa mkubwa katika serikali ya Mfalme Narai. Mwaka 1688 mfalme alipougua, wapinzani wakamkamata Phaulkon wakamwua. Maria, aliyekuwa mke wa mkubwa, akawa mtumishi katika jiko la kifalme. Alipika huko miaka mingi, na leo Wathai wanamkumbuka kwa kazi ya mikono yake. Mimi nilikula vitamu vile nikiwaza jinsi nilivyoidharau kazi ya kukata majani.

Maji viganjani

Usiku ule mimi na mume wangu tulizungumza kwa muda mrefu. Dada alikuwa ametueleza mpango wa kesho: asubuhi familia yote itakwenda hekaluni kupeleka chakula kwa watawa na kumwagia sanamu ya Buddha maji yenye manukato. Baadaye watamwagia maji bibi. Je, sisi tushiriki au tukae ndani?

Tulikubaliana hivi: penye ibada ya mungu mwingine hatutashiriki, lakini hatutacheka wala kununa. Penye heshima kwa wazazi, hiyo ni amri ya Mungu wetu pia. Tulimweleza Dada waziwazi. Hakukasirika hata kidogo. Asubuhi tuliwasindikiza hadi uani, watoto wakacheza na wenzao kwenye mchanga ambao watu huleta na kuujenga kuwa minara midogo, nasi tukangoja chini ya mti hadi wenyeji wetu walipotoka.

Tuliporudi, mama yake Dada, mwenye umri wa miaka 81, alikuwa ameketi kwenye kiti barazani. Watoto wote walimwita Khun Yai, maana yake bibi mzaa mama, na wetu wakaambiwa wamwite hivyo hivyo. Mbele yake palikuwa na beseni, na kando bakuli la fedha lenye maji yaliyotiwa manukato na maua ya asumini. Mmoja baada ya mwingine, wanawe na wajukuu walipiga magoti, wakamimina maji kidogo juu ya viganja vyake. Mwana wa kwanza alikuwa amesafiri kutoka Phuket, safari ya kilometa zaidi ya 800. Ni mwanamume wa makamo, mwenye mvi, naye alipiga magoti kama mtoto.

"Wanasema nini?" nilimwuliza Dada.

"Wanaomba msamaha," alinijibu. "Kila mtu anasema, kama mwaka huu nilikukosea kwa tendo, kwa neno au kwa wazo, nisamehe. Halafu mama anawabariki."

Nikakumbuka maungamo yetu ya kila Jumapili. Nimeyasema tangu utoto, lakini Jumapili hakuna mtu mbele yangu ambaye lazima nimtazame machoni.

Zamu ya watoto wetu ilipofika, binti yangu alishika bakuli, akapiga magoti, akamimina bila kumwaga hata tone nje ya beseni. Wote wakamsifu. "Nani kakufundisha?" Dada akauliza. Binti akashangaa. "Si kunawisha tu? Mama alinifundisha. Nyumbani nawanawisha wageni kila siku kabla ya kula." Kisha akanigeukia, bila ubaya wowote: "Mama, na bibi yetu wa Moshi, mimi nimeshawahi kumnawisha?"

Mume wangu alitazama mto. Mimi nilitazama miguu yangu.

Nikapiga magoti mbele ya yule mama, nikamimina maji. Alishika mikono yangu kwa viganja vyake vilivyolowa, akauliza jambo. Dada akatafsiri: "Anauliza kama mama yako yu hai." Nikasema mama yangu mzazi amefariki, lakini mama wa mume wangu yupo. Akatabasamu. "Anasema umpelekee salamu. Umwambie, bibi wa Ayutthaya amewaona wajukuu wake, wana adabu njema."

Nilikubali, nikasema nitampelekea. Msomaji, unajua kwetu salamu ni deni.

Kesho yake, Jumapili, tulikwenda kusali katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ukingoni mwa mto. Wamisionari wa Kifaransa walifika Ayutthaya mwaka 1662. Kanisa lao la zamani liliteketea pamoja na mji mwaka 1767, na lililopo lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19. Hatukuelewa lugha, na wala hatukuwa wa dhehebu lile, lakini tuliufuata utaratibu wa ibada. Baada ya ibada wazee waliketi kwenye mabenchi, padri akiwa kati yao, na vijana wakapita wakiwamwagia maji mikononi. Wakristo wale walikuwa wamefikiri kabla yetu. Walikuwa wameacha cha kuachwa na kushika cha kushikwa.

Barabarani ni vita ya maji

Nisije nikawaficha upande wa pili. Barabarani Songkran ni vita. Watu husimama na ndoo, mipira ya maji na bunduki za plastiki, na hakuna apitaye mkavu. Watoto wetu walicheka hadi wakakosa pumzi. Lakini wako pia wanaokunywa pombe kupita kiasi, na siku hizo ajali za barabarani huwa nyingi mno, hasa za pikipiki, hata serikali kila mwaka hutangaza kampeni ya siku saba za hatari.

Mama ukijaliwa kufika huko na familia wakati wa Songkran, usiwapakie watoto pikipiki. Fanya safari zako za mbali kabla ya tarehe 12 au baada ya 16. Weka pasi na simu katika mfuko usiopitisha maji. Wafundishe watoto wasimguse mtu kichwani, wasielekeze nyayo kwa mtu au sanamu, na wasiwamwagie maji watawa. Na mbebe maji ya kunywa, kwani joto hupita nyuzi 35.

Kulipa deni la salamu

Tuliporudi nyumbani ningeweza kupiga simu. Lakini neno nililolisema mbele ya watu, nililazimika kulifuta mbele ya watu. Desemba 2024, mume wangu akiwa amemaliza masomo, tulipanda basi la Moshi sote wanne, tukiwa tumebanana na maboksi kama wale wa treni ya Ayutthaya.

Njiani nilimwuliza mume wangu nianzeje. Akaniambia, "Kwetu kuna isale." Isale ni mmea wenye majani marefu ambao Wachaga hupanda mipakani mwa vihamba vyao. Mtu aliyekosa humpelekea jani lake aliyemkosea, na kwa desturi anayepelekewa hakatai kusamehe. Miaka yote ya ndoa yangu nimepita kando ya mimea ile nikiiona kama ua tu.

Nililikata jani mwenyewe. Mama mkwe alikuwa uani na mawifi, akiwa amekonda kuliko nilivyomwacha. Nilipiga magoti, nikampa jani kwa mikono miwili, nikasema, "Mama, niliidharau nyumba yako. Nisamehe." Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, lakini hayo ndiyo yaliyotoka.

Alilipokea. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, miaka minne. Nilidhani nitakufa kabla." Hakusema tena jambo hilo, wala leo halisemi. Sitawadanganya kwamba yote yamekuwa kama asali. Miaka minne ya wajukuu wake hairudi, na kijana wetu alimwogopa siku mbili nzima kwa sababu hakumkumbuka.

Wakati wa chakula binti yangu alileta jagi na beseni. Akapiga magoti mbele ya bibi yake, akamimina maji polepole juu ya viganja vyake. Mama mkwe akashangaa, "Mbona taratibu hivi, ndizi zinapoa!" Tukacheka wote. Ndipo nikampa salamu za bibi wa Ayutthaya, naye akataka asimuliwe habari zake zote, tangu mwanzo.

Mama mwenzangu, huenda huna nauli ya kwenda Thailand, na si lazima uwe nayo. Lakini jagi na beseni unavyo. Je, yuko mzee ambaye mikono yake hujainawisha siku nyingi? Desemba haiko mbali.